Chakula cha Mbali na Mji: Kwa Nini Hutuangusha, na Tujilindeje



Siku hizi vikundi vingi hujichangisha na kukodi basi kwenda kutazama wanyama katika hifadhi zetu za taifa. Ni jambo jema, kwa maana si haki wageni kutoka Ulaya na Marekani wamjue tembo wetu kuliko sisi wenyewe. Hata hivyo, wengi hurudi wakiwa na furaha ya macho na malalamiko ya tumbo. Chakula walichokula huko kilikuwa ghali, kilichelewa, kilipoa, na baadhi yao waliugua.

Mwezi huu tutaeleza kwa nini chakula cha mahali palipo mbali na mji hutuangusha mara kwa mara, ni kitu gani hasa kinachotudhuru ndani yake, na msafiri afanye nini. Nasi wakazi wa Masumbwe tusidhani kwamba habari hii inawahusu watalii tu. Kabla ya mwisho wa makala tutaona kwamba inatuhusu sisi zaidi.

Mlo mmoja hifadhini

Tuchukue mfano mmoja tulioushuhudia. Kiangazi kimoja wauguzi wachache na wanakwaya tulisafiri kwenda katika hifadhi moja ya Kanda ya Ziwa. Jina la mgahawa tunaliacha, kwani shabaha yetu si kumwaibisha mtu.

Tulifika saa 7 mchana. Mhudumu, kijana mwenye heshima, alitusalimu, "Shikamooni, mama zangu," akatuletea karatasi yenye orodha ya vyakula vingi. Tulipoagiza samaki, akasema wamekwisha. Tukaagiza nyama ya kuchoma, akasema gari la nyama halijaja. Hatimaye vilivyokuwepo vilikuwa wali, kuku na kachumbari. Tukangoja hadi saa 9 alasiri. Wali ulitangulia, ukiwa vuguvugu, umeshikamana mabonge. Kuku alipokuja alikuwa mgumu kwa nje na mwekundu penye mfupa. Kachumbari ilikuwa imefunikwa kwa sahani, na nzi walikuwa juu ya sahani hiyo.

Mmoja wetu akamwambia yule kijana, "Mwanangu, tunaomba huyu kuku arudi jikoni akaive vizuri. Na huu wali umepikwa saa ngapi?" Akajibu bila kuficha, "Umepikwa asubuhi, mama. Tukikaa bila kupika, wageni wakija hawatangoja." Wengi wetu tuliuacha wali, tukala mkate, mayai ya kuchemsha na chai ya moto. Lakini dereva na binti mmoja wa darasa la tano walikuwa wamekwisha kula, kwani njaa haina subira.

Ilipofika saa 12 jioni, tukiwa njiani, binti alianza kutapika. Nusu saa baadaye dereva naye alisimamisha gari ghafla, akashuka akijishika tumbo. Hebu fikirini: gari limejaa watu, giza linaingia, na mwenye usukani hawezi kusimama wima. Tulilala katika mji uliokuwa karibu. Kwa bahati kapu letu lilikuwa na pakiti za ORS na maji yaliyochemshwa. Wote wawili walikunywa kidogo kidogo usiku kucha, na asubuhi walikuwa na nafuu.

Kwa nini chakula cha hifadhini huwa hivyo?

Watu husema, "Wale ni wavivu tu," au "Wanatuibia." Huenda wapo wa namna hiyo, lakini mara nyingi kuna sababu nyingine.

Kwanza, ni umbali. Hifadhi ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951, ina eneo la kilometa za mraba 14,763. Burigi-Chato, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019, ina zaidi ya kilometa za mraba 4,700. Ndani ya hifadhi ya taifa hakuna mashamba wala soko la kijiji. Kila nyanya na kila kilo ya unga hutoka nje, hupakiwa garini, hupigwa na jua na vumbi kwa saa nyingi. Rubondo, ambayo ni hifadhi tangu mwaka 1977, ni kisiwa katika Ziwa Victoria. Huko mahitaji hayana budi kuvuka maji.

Pili, ni baridi ya kuhifadhia. Penye umeme wa jenereta, injini huzimwa kwa saa kadhaa ili kuokoa mafuta. Friji ikizimwa, nyama iliyoganda huanza kuyeyuka. Ikiwashwa, huganda tena. Mwenye kuitazama anaona barafu, akaamini kwamba nyama ni salama, kumbe ilikwisha kulainika na kuganda mara mbili au tatu.

Tatu, ni wageni wasiotabirika. Leo yatakuja magari 10, kesho hata moja. Mpishi akipika kidogo, atalaumiwa. Akipika kingi, kitabaki. Basi hupika asubuhi na kuacha sufuria ikingoja. Hapo ndipo ilipo hatari kubwa.

Nne, ni maji. Mahali pakavu maji huletwa kwa gari na kuwekwa katika tangi. Yakipungua, linaloanza kupuuzwa ni kunawa mikono na kuosha vyombo.

Vijidudu hufanya nini katika sufuria inayongoja?

Bakteria ni viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho. Vikipata chakula, unyevu na uvuguvugu, aina nyingi huweza kugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi: mmoja huwa wawili, wawili huwa wanne. Tukianza na mmoja tu, baada ya saa 1 wapo 8, baada ya saa 3 wapo 512, na baada ya saa 6 wanapita 262,000. Sasa tujiulize: wali wa saa 2 asubuhi ukiliwa saa 9 alasiri, umengoja saa ngapi?

Uvuguvugu wanaoupenda ni kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za Selisiasi. Chini ya nyuzi 5, kama ndani ya friji nzuri, huzaliana polepole sana. Juu ya nyuzi 60 hushindwa kuzaliana, na chakula kikifika nyuzi 70 mpaka katikati, walio wengi hufa. Ndiyo maana tunasema chakula kiwe cha moto unaotoa mvuke au kiwe cha baridi kweli. Chakula vuguvugu ni shamba la vijidudu.

Wali una siri yake. Katika mchele hukaa bakteria anayejifunika kwa ganda gumu, mfano wa mbegu inayolala ardhini kiangazi chote ikingojea mvua. Maji yanayochemka hayamwui. Wali ukipoa polepole sufuriani, huamka, huzaliana na kutoa sumu. Sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha wali upya. Kwa hiyo wanaosema "pasha moto tu, utakuwa salama" wamekosea kwa habari ya wali uliolala nje.

Nyama na kuku wana hatari nyingine. Kuku mbichi mara nyingi hubeba bakteria aitwaye salmonela. Akipikwa hadi nyama ya penye mfupa isiwe nyekundu na maji yake yawe meupe, bakteria huyo hufa. Mchuzi mzito wa nyama katika sufuria kubwa hupoa polepole sana katikati, na humo huzaliana bakteria wengine wanaoleta msokoto wa tumbo na kuhara.

Mikono ya mpishi nayo huchangia. Kidonda au jipu kidoleni, au mkono uliofuta pua, huweza kutia chakulani bakteria wenye sumu ya kutapisha. Mkono usionawiwa baada ya kwenda chooni ndio unaopitisha kipindupindu, homa ya matumbo, kuhara damu na homa ya ini ya aina A.

Tukumbuke jambo moja lenye kuwadanganya wengi: chakula chenye sumu si lazima kinuke wala kibadilike rangi. Ulimi na pua si vipimo vya kutosha. Swali bora ni lile la mwenzetu: "Kimepikwa saa ngapi?"

Saa huweza kueleza chanzo

Mgonjwa akija hospitalini tunamwuliza alikula nini, na ugonjwa ulianza baada ya muda gani. Majibu hayo husaidia sana.

Akitapika baada ya saa 1 hadi 6, mara nyingi ni sumu iliyokuwa tayari chakulani, kama ile ya wali au ya mikono yenye vidonda. Msokoto na kuhara bila kutapika sana, baada ya saa 6 hadi 24, hutokana mara nyingi na nyama au mchuzi uliopoa polepole. Homa, kuhara na maumivu baada ya nusu siku hadi siku 3 hutufanya tufikirie salmonela na wenzake. Kipindupindu huweza kuanza baada ya saa chache hadi siku 5. Homa ya matumbo huchukua wiki 1 hadi 3, na homa ya ini ya aina A huchukua wiki 2 hadi 7.

Basi aliyekula jana jioni asimlaumu mpishi wa jana kwa homa ya matumbo ya leo. Na aliyetapika saa 3 baada ya mlo asidhani kwamba amelogwa.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2015 kwamba kila mwaka watu milioni 600 duniani huugua kwa sababu ya chakula kichafu, na 420,000 hufariki. Kati ya wanaofariki, 125,000 ni watoto wa chini ya miaka 5. Kwa mtu mzima mlo mbaya huwa kisa cha kusimulia. Kwa mtoto mchanga waweza kuwa kifo.

Msafiri afanye nini?

1. Achukue chakula chake. Wazee wetu wa Usukuma na Usumbwa walijua kufunga safari. Michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, hukaa muda mrefu kwa sababu bakteria hawazaliani pasipo unyevu. Karanga za kukaanga ni nzuri pia, lakini zenye ukungu zitupwe, kwani huwa na sumukuvu. Mayai ya kuchemsha ambayo ganda lake halijapasuka, ndizi, machungwa, chapati na maandazi ni chakula chema cha njiani. Wali na nyama usivibebe, ila kama vitaliwa kabla ya saa 2 kupita.

2. Achukue maji. Yachemshwe na kuwekwa katika chombo safi chenye mfuniko.

3. Akila mgahawani, aagize kitakachopikwa mbele yake. Chipsi mayai iliyoiva vizuri, ndizi za kukaanga, chai inayochemka: vyakula hivi vya kawaida ni salama kuliko sahani ya fahari iliyongoja tangu asubuhi. Aache kachumbari, barafu, maziwa yasiyochemshwa na pilipili ya kusagwa iliyoachwa mezani siku nzima.

4. Arudishe chakula kibichi bila aibu. Yapo maneno ya upole ya kumwambia mhudumu, na hayamdhuru mtu. Aliyelipa fedha yake ana haki ya kuku aliyeiva.

5. Anawe mikono kwa maji yanayotiririka na sabuni. Beseni moja la watu kumi huwagawia wote uchafu wa mmoja.

6. Asiwape wanyama chakula. Nyani, tumbili na pimbi huzoea upesi meza za wageni, na nyani hunyang'anya kwa nguvu. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu ya hatari ya kichaa cha mbwa.

Akiugua njiani

Kinachoua upesi katika kuhara na kutapika ni kupungukiwa maji na chumvi mwilini. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kurudisha maji. Mwaka 1971, vita vilipowafanya mamilioni ya watu wa Bangladesh kukimbilia India, kipindupindu kilizuka kambini. Daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu katika kambi ya Bangaon, akaamua kuwanywesha wagonjwa maji yenye sukari na chumvi. Vifo vilivyokuwa karibu asilimia 30 ya wagonjwa vilishuka hadi chini ya asilimia 4. Tangu hapo dunia ilianza kuheshimu kikombe na kijiko.

Pakiti moja ya ORS huchanganywa na lita 1 ya maji safi, na hutumika ndani ya saa 24. Ikikosekana, tia katika lita 1 ya maji safi vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Usizidishe chumvi, kwani ikizidi humdhuru mtoto.

Kila baada ya kuhara, mtoto wa chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu kikombe. Wa miaka 2 hadi 10 apewe nusu hadi kikombe kizima. Mtu mzima anywe kadiri awezavyo. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea polepole kwa kijiko. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonyeshwa. Mtoto anayehara apewe pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku kwa mwenye miezi 6 na zaidi, na miligramu 10 kwa aliye chini ya hapo.

Wengine hukimbilia dukani kununua Flagyl au antibiotiki nyingine. Sumu ya chakula haitibiwi kwa vidonge hivyo. Dawa za kufunga tumbo nazo mtoto asipewe kamwe.

Mpeleke mgonjwa hospitali bila kungoja endapo:

- hawezi kunywa au anatapika kila kitu;
- macho yameingia ndani, au ngozi ikifinywa inarudi polepole;
- hajakojoa kwa saa 6 au zaidi;
- anahara damu, au ana homa kali;
- anahara maji mengi mfululizo yanayofanana na maji ya mchele;
- amelegea, anasinzia au amechanganyikiwa;
- ni mtoto mchanga, mama mjamzito au mzee.

Njiani aendelee kunywa ORS.

Sasa tujitazame sisi

Barabara ya lami itokayo Isaka na Kahama kwenda Rusumo inapita hapa kwetu Masumbwe. Madereva wa malori ya Rwanda na Burundi na abiria wa mabasi hushuka, hula na kuondoka. Kwao sisi ndio mgahawa wa mbali. Mpishi wetu akiwapa wali wa jana, wataugua wakiwa wamekwisha kufika kwingine, nasi hatutajua kamwe. Dereva wa lori la tani 30 anayeshikwa na tumbo usiku ni hatari kwa kila aliye barabarani.

Tena iko migahawa iliyo mbali kuliko ya hifadhini, nayo ni mabanda ya chakula machimboni. Ikitokea rashi ya dhahabu, porini huota kijiji cha mahema kwa siku chache. Mama lishe hufika kabla ya choo kuchimbwa. Maji hutoka katika mashimo yaleyale yanayotumika kuoshea mchanga. Kipindupindu kikiingia mahali pa namna hiyo hakihitaji mwaliko wa pili. Zaidi ya hayo kuna zebaki. Beseni au sufuria iliyotumika kwa zebaki isitumike kamwe kwa chakula, na dhahabu isichomewe jikoni wala karibu na watoto, maana moshi wake ni sumu. Kuchemsha hakuondoi zebaki.

Mama lishe hana friji wala jenereta, lakini hayo hayamzuii kuuza chakula safi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2001 mambo makuu 5, na yote yanawezekana kwenye jiko la mafiga:

1. Usafi. Kibuyu chirizi na sabuni viwe mlangoni, kwa mpishi na kwa mteja. Mwenye kidonda mkononi au anayehara asipike.
2. Kutenga vibichi na vilivyopikwa. Kisu na ubao wa nyama mbichi usikatie kachumbari.
3. Kuivisha kabisa, hasa nyama, kuku na mayai.
4. Kutunza joto. Pika kidogo mara nyingi kuliko kingi mara moja. Mchuzi ukae juu ya makaa ukifuka mvuke. Chakula kilichokaa nje bila moto zaidi ya saa 2 kisiuzwe.
5. Maji na mahitaji yaliyo safi. Maji ya kunywa yachemshwe, na nyama inunuliwe penye mhuri wa mkaguzi.

Yapo mabanda yanayofuata haya, na wateja huyajua. Mteja naye ana wajibu. Tukiendelea kuchagua banda kwa kutazama bei tu, mpishi mwangalifu atashindwa na mzembe atastawi. Siku tutakapozoea kuuliza kwa heshima, "Mama, hiki kimepikwa saa ngapi?" na kuondoka tusiporidhika, mabanda mengi yatabadilika kabla afisa afya hajafika.

Wiki hii, kila nyumba inunue pakiti mbili za ORS na kuziweka mahali panapojulikana na wote. Anayefunga safari azitie kapuni kabla ya kitu kingine.